Upepo Ndani ya Gari la Baba

Majuzi Baba alinipigia simu. Nilipomwamkia aliitikia marahaba ya haraka haraka, kisha akasema, "Jumamosi njoo unikanyagie." Hakuwa na haja ya kueleza akanyagiwe nini. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, na palepale ule uji ukaninukia shombo. Niliweka bakuli chini, nikamwambia Baba nitakuja, kisha nikaenda kusukutua mdomo mpaka fizi zikaniuma.

Wenzangu wa rika langu wakikaa kukumbuka utoto wao hutaja mabuyu ya rangi, achari, barafu za mfuko na vumbi linapolowa mvua ya kwanza. Nami huwaitikia, maana hayo yote nimeyaonja. Lakini mtu akinifumba macho aniulize utoto wangu unanuka nini, nitamjibu kwamba unanuka mafuta ya breki yaliyozeeka. Aliyewahi kuyanusa ananielewa. Petroli ina watu wake waipendao, hata wajawazito huitamani. Haya hayana mpenzi. Yananuka samaki aliyelala na sharubati iliyoungua kwa pamoja, na yakikuingia vidoleni hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Utayala pamoja na ugali wako mpaka kesho yake.

Tulikaa Magongo, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na Baba alikuwa karani wa godauni moja huko Changamwe. Bosi wake alipohama nchi aliacha nyuma ya godauni gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limekufa zamani na kuku wanatagia kwenye viti. Baba akaliomba, akapewa, wakalisukuma vijana wa mtaani mpaka uani kwetu. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na mke wa pili. Baba alilisugua, akalibembeleza, akalifufua kidogo kidogo, na halikuwa gari la barabara ya Magongo hata kidogo. Lilikaa chini mno. Kila tuta lilikwangua tumbo lake, na katikati ya matrela yale ya bandarini lilionekana kama sandali iliyoanguka kutoka mguuni mwa mtu. "Baba Kadzo," majirani walimtania, "hilo gari limepiga magoti, linasali?" Baba alicheka, akatoa kitambaa, akafuta vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Mama alilichukia waziwazi. Alikaanga viazi karai na bajia pale langoni petu, na karai lake lilikuwa jeusi kuliko usiku, lakini alikuwa msafi wa mambo yake na hakupenda kitu asichoweza kukisugua kwa mchanga. "Hilo gari litatuua," alikuwa akisema mbele ya wateja, mbele ya wakwe, mbele ya yeyote. "Heri likapimwe kwa wauza chuma chakavu." Na hakuwahi kulipanda. Tukienda kanisani ndani ya gari, yeye alitangulia kwa miguu au alibaki na karai lake. Watu waliyasikia maneno hayo, wakayaweka.

Wa nne nyumbani alikuwa Hawe, kama tunavyowaita bibi zetu watu wa kwetu bara la Pwani. Alikuwa mama yake Baba, mdogo wa mwili, mwepesi wa maombi, na hakukosekana kwenye kanisa moja la mabati kule Mwakirunge, si mbali na jaa la taka. Alinipeleka huko mara kwa mara, na hata leo sijui kama kilichonitia kichefuchefu ni moshi wa jaa au ni yale yaliyofanyika ndani. Nabii alimshika mtu kichwa, mtu akatetemeka, akakohoa, akakohoa tena kutoka chini kabisa ya kifua, mpaka akatema mapovu mazito kwenye beseni la plastiki lililopitishwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Lilikuwa beseni lilelile kwa watu wote. Na kila mapovu yalipotoka, mama mmoja mnene alitugeukia sisi watoto akatuambia kwa furaha, "Mwaona? Upepo huo unatoka." Mwisho wa ibada waumini waligawiwa mafuta ya upako kwenye vichupa. Hawe alikuwa na chake, cha kioo, kilichonukia waridi, na kila jioni alinipaka utosini mpaka mto wangu wa kulalia ukawa na doa lisilotoka.

Basi mtanisamehe kwa nilivyoelewa siku ile. Baba alirudi kazini uso umemkunjamana, akafunga mlango wa gari kwa upole kama anayefunga chumba cha mgonjwa, akasema, "Gari hili lina upepo."

Hawe alikuwa mkekani akichambua kunde. Mikono yake ikasimama. "Lina nini?"

"Upepo, mama. Uko kwenye breki. Nadhani na klachi pia umeshaingia. Nikikanyaga, mguu unazama tu."

"Umeingia tangu lini?"

"Nani ajuaye? Huingia kidogo kidogo, huwezi kuuona. Jumamosi nitautoa."

"Utautoa wewe mwenyewe?" Hawe akauliza, na niliona jinsi alivyomtazama mwanawe, nusu kwa hofu na nusu kwa fahari.

"Si kazi kubwa. Nataka mtu mmoja tu wa kunikanyagia." Baba akanitazama mimi. "Kadzo!"

"Abee, Baba."

"Jumamosi usiende popote."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilijua upepo hutolewaje, nilijua na mapovu yake. Nilichojiuliza ni nani atashika beseni.

Jumamosi ilipofika nikakuta mambo ni mabaya kuliko ya Mwakirunge. Baba alilipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye mawe, akavua magurudumu, akafungua boneti. Pale ndani mlikuwa na kikopo kidogo chenye mfuniko, na kikopo hicho kimoja ndicho kilichonywesha breki na klachi. Baba akatumbukiza mpira mwembamba, akauweka mwisho wake mdomoni, akavuta. Nilimwona baba yangu mzazi akinyonya uchafu wa gari. Mashavu yaliingia ndani, macho yakamtoka, na yale mafuta yakapanda kwenye mpira, ya rangi ya chai ya strungi, ila mazito, yakimkimbilia mdomoni. Alichelewa kidogo kuutoa. Akatema, ptuu, akatema tena, na uzi mrefu wa mate ya kahawia ukaning'inia kwenye kidevu chake ukikataa kukatika. Kuku wa jirani akaja kudonoa pale alipotema, akatikisa kichwa, akaenda zake.

"Kefule!" Mama akasema kutoka kwenye karai lake. "Na jioni utataka kunywea kikombe changu."

Tone moja lilidondokea bawa la gari. Baada ya muda mfupi rangi nyekundu ikavimba mahali hapo, ikababuka, ikachubuka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Baba aliapa akakimbilia maji. Mimi nilibaki nikilitazama lile kovu, nikijiambia kwamba kama kitu hiki kinachuna chuma, hicho kilichoingia mdomoni mwa Baba kitamfanya nini.

Kisha nikaitwa kukaa kwenye kiti cha dereva. Nilivua ndara ili mguu usiteleze, nikasogea mpaka ukingoni mwa kiti, na Baba akajilaza chini kwenye gunia kando ya gurudumu la nyuma, na spana, na mpira mwingine unaoonyesha ndani uliochovywa kwenye chupa ya soda. Masharti yalikuwa machache. Akisema kanyaga, nikanyage mpaka mwisho, nijibu nimekanyaga. Akisema shikilia, nisiuondoe mguu hata kama nyoka amepita. Hapo atafungua kiskrubu, mafuta yatoke, akifunge. Akisema achia ndipo niachie.

"Na ukiachia kabla sijafunga," akasema, akinyoosha spana usoni kwangu, "upepo unarudi ndani, tunaanza upya. Umesikia?"

Nilisikia, wala sikuhitaji kuelezwa. Shule ya Jumapili tulikuwa tumefundishwa kwamba pepo akitolewa vibaya hurudi na wenzake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

Sitasahau pedeli ile chini ya unyayo wangu mtupu. Ilikuwa laini. Ilikuwa na mpira uliolika, wenye jasho la miguu ya watu wengine, na nilipoikanyaga ilizama polepole, ikahema, ikazama tena, kama ninakanyaga tumbo la chura. Nilitaka kulia. Niliona kupitia mlango ulio wazi yale mafuta yakipita kwenye mpira, na ndani yake mapovu, madogo na makubwa, yakikimbizana kuelekea kwenye chupa. Baba akainua uso uliojaa tope, akatabasamu.

"Waona? Upepo huo unatoka."

Ni maneno yaleyale, neno kwa neno. Kama kulikuwa na shaka kichwani mwangu, liliishia hapo.

Tulizunguka magurudumu mengine, tukaenda na kwenye klachi, jua likapanda, harufu ikapanda nalo. Adhuhuri Baba akaenda kunawa na kula, akaacha kikopo bila mfuniko maana alikuwa bado anajaziajazia, akakifunika kwa kitambaa. "Kaa hapohapo, usiguse kitu," akaniambia. Nikakaa.

Ndipo Hawe alipokuja, na kichupa chake cha kioo. Hakujificha. Alikuja kama mtu anayekwenda zamu yake. Akaondoa kitambaa, akafumba macho, akaomba kwa sauti, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, akiomba mwanawe arudi salama kila aendapo, akakimimina kichupa ndani ya kikopo mpaka kikatoa ule mlio wa gulugulu. Halafu akachovya kidole kwenye tone lililobaki, akaliandika gari msalaba kwenye boneti, akaniandika na mimi kwenye paji la uso. Waridi na shombo vikakutana puani mwangu. Mpaka leo nikinusa marashi ya waridi kwenye harusi ya mtu hutafuta mlango.

"Baba yako anautoa," Hawe akaniambia. "Mimi nimeufungia mlango usirudi."

Nikaona sawa. Hata Mwakirunge upako ulikuja mwisho.

Baba alirudi, akaongeza mafuta mapya kidogo bila kuchungulia, akafunga mfuniko huku akipiga mluzi. Pedeli ilikuwa imekaza, ngumu, ya kuaminika. Akaniinua juu akanizungusha, na mikono yake ikaacha alama mbili za shombo kwenye gauni langu.

Siku zikapita chache. Baba akaanza kulalamika kwamba magurudumu yanapata moto, kwamba breki zinang'ang'ania, kwamba klachi ikishuka hairudi upesi. Alisema atalitazama wiki ijayo. Jumapili tukapanda, yeye, Hawe na mimi, kwenda kusali upande wa Miritini. Mama hakupanda, kama kawaida. Tulipofika kwenye mteremko, nyuma ya trela lililopunguza mwendo, niliona Baba akikanyaga. Akakanyaga tena. Goti lake likaenda mpaka chini na gari halikujua kama limekanyagwa. "Yesu!" Baba akasema, akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, akakata usukani kushoto, tukaingia kwenye rundo la mchanga la watu wanaofyatua matofali ya saruji, mchanga ukamiminika mpaka mapajani kwetu kupitia madirishani. Hawe aligonga mdomo kwenye kiti cha mbele, damu ikamchirizika. Mimi nilijitapikia gauni la kanisani. Trela liliendelea na safari yake.

Walilivuta gari mpaka nyumbani, na Baba akafungua kikopo nikiwa nimesimama kando yake. Ule mpira wa ndani ya mfuniko ulikuwa umevimba, umefura kama hamri lililotiwa hamira nyingi, kama ufuravyo ukikutana na mafuta yasiyo ya breki. Na ndani ya kikopo mlikuwa na mafuta juu na mafuta chini, hayakuchanganyika, ya juu ya manjano yenye kung'aa. Baba akachovya kidole. Akakinusa. Kisha, Mungu wangu, akakitia mdomoni. Nikamwona akifumba macho.

Nikavuta shati lake. "Baba, Hawe alitia mafuta ya upako. Siku ile ulipoenda kula. Alisema anafunga mlango upepo usirudi."

Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Pumzi yake ilinuka yale mafuta na waridi. "Kadzo," akasema taratibu, "funika kombe mwanaharamu apite. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo. Sikuelewa. Nilidhani kuna mtu fulani aitwaye mwanaharamu ambaye atapita nyumbani kwetu, na nikangoja nimwone.

Aliyekuja ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba, jioni ileile, baada ya kusikia kwamba mama yake katoka damu. Alimpapasa Hawe mdomo, akalitazama gari, akauliza fundi kasemaje. Baba akamwambia hakuna fundi, kafungua mwenyewe. "Ukakuta nini?" Tulikuwa tumekaa uani, Mama amesimama na kitambaa cha kufutia karai. Baba aliitazama mikono yake.

"Kuna mafuta ya kupikia ndani."

Shangazi akageuka polepole kuelekea langoni, kwenye meko ya Mama, kwenye galoni la mafuta la Mama, akaviangalia kimoja kimoja. "Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu," akasema. "Nani apikaye nyumba hii? Nani kila siku husema gari hili liende likapimwe chuma? Na leo, mbona mwenzetu hakupanda?"

Hawe alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Sasa najua kwamba hakusema uongo hata neno moja. Aliposikia mafuta ya kupikia aliamini ni mafuta ya kupikia, kitu kingine kabisa, kilichotiwa na mtu mwingine. Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Mimi nilijua," akasema. "Nilijua upepo ule una mwenyewe."

Mama alimtazama Baba peke yake. "Baba Kadzo, na wewe wasemaje?"

Nilimtazama Baba nikingoja aseme. Nilikuwa nimemwambia mimi mwenyewe, mchana uleule.

"Mimi nimesema nilichokikuta," Baba akasema. "Kuna mafuta ya kupikia."

Mama alimaliza kufuta karai. Alilifuta nje na ndani, akaliinamisha, akaingia chumbani, akatoka na mfuko. Akanibusu hapa, kwenye paji, palepale palipokuwa na ule msalaba, akaenda kwao Mariakani. Ndipo nikafahamu, au nilidhani nimefahamu, kwamba mwanaharamu amepita, na kwamba baba yangu alimwita mama yangu jina hilo.

Sijui niseme vipi nilivyomchukia. Wapo wanaoshangaa mtoto anawezaje kumwonea mzazi wake kinyaa, nami nawaambia inawezekana, tena kwa tumbo hasa. Baba alinipikia, nikashindwa kumeza. Nilikitazama kidole kilekile alichokichovya, akakinusa, akakionja, akajua, kikibonyeza tonge la ugali kunipa. Nikamwambia nimeshiba. Hawe alinipaka mafuta utosini kila jioni, mpaka kichupa kikakauka, ili Mama asameheke. Baba alinunua mipira mipya, akayanyonya mafuta upya, akatema upya, akaniita kukanyaga, nikakanyaga. "Upepo ulibaki kidogo," aliwaambia majirani.

Mama alirudi mvua za masika zilipokwisha, bila kuletwa na wazee. Alirudi kwa sababu Hawe aliugua na hakutaka kuogeshwa na mwingine, hata na binti yake wa kumzaa. Mama akamwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, mpaka tukamzika. Habari ya mafuta haikutajwa tena, na Mama hakutia mguu katika gari lile. Nikakua, nikaolewa, nikahamia Mikindani. Na kila nilipomwamkia Baba nilikitazama kile kidole.

Jumamosi nikaenda. Baba ameshazeeka, mikono inamtetemeka, na gari limepata mnunuzi, kijana mmoja wa kutoka bara anayependa magari ya kale. Baba hakutaka kumuuzia breki zenye upepo. Alikuwa ameshalala kwenye gunia nilipofika. Nikavua viatu, nikakaa, kiti kikanikaa vizuri sasa, na harufu ikanipokea kama jamaa nisiyempenda anayeng'ang'ania kunikumbatia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

Tulifanya hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Mama alikuwa barazani akitengeneza chai. Sikuwa nimepanga kusema. Ni ule uzamaji wa pedeli chini ya unyayo, nadhani, ndio ulionisukuma.

"Baba, ulijua ni Hawe."

Spana ikagonga chuma. "Kanyaga," akasema.

"Nimekanyaga. Nilikwambia mwenyewe, ukajua, ukamwacha Mama aende. Mimi nakuonea kinyaa tangu siku ile, Baba. Kinyaa hasa."

"Shikilia," akasema, sauti ikiwa ndogo, na nikasikia kiskrubu kikifunguka.

Mama alikuwa amesimama kando ya gari na glasi ya strungi mkononi. Sikujua amefika lini. "Kadzo," akaniambia, "mwache baba yako. Mafuta yale yalikuwa yangu."

Nikamtazama.

"Yule nabii alikuwa ameshahama Mwakirunge kabla ya siku ile, akamwachia bibi yako kichupa kitupu. Mzee wa watu alikuwa hapati usingizi. Mimi nikawa namjazia. Mafuta yangu ya bajia, mapya, na tone la marashi. Alikuwa akiamka asubuhi anakikuta kimejaa, anamshukuru Mungu." Akanywa chai kidogo. "Siku ile ningesema nini, Shangazi yako akiwa amekaa pale? Kwamba Hawe alitia upako, na upako wenyewe ni huu ninaokaangia viazi? Angekufa na tumaini gani yule mama?"

Nilikuwa nimeugeuza mwili wote kumtazama, na mguu ukaondoka kwenye pedeli. Chini kule mpira ulikoroma, ukanyonya.

"Umeachia," Baba akasema. Hakupandisha sauti. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anamtazama Mama, na mafuta ya kahawia yanamtiririka kwenye mkono mpaka ndani ya shati. Hilo la kichupa alikuwa halijui. Miaka yote alidhani anamfichia mama yake siri, kumbe mke wake alikuwa akiificha siri hiyohiyo kutoka chini zaidi. "Upepo umeingia," akasema. "Tuanze tena."

"Shuka, Kadzo," Mama akaniambia. "Nikanyage mimi."

Nikashuka. Akaniachia glasi, akavua ndara zake, akashika upindo wa leso, akaingia ndani ya gari lile kwa mara ya kwanza. Aliukunja uso kwa ile harufu, akapapasa pedeli kwa unyayo, akaupumzisha mguu juu yake bila kukanyaga.

"Kanyaga," Baba akasema kutoka chini.

"Sema kwanza."

Nilisimama na ile glasi ya strungi, rangi ileile, nisiweze kuinywa.

"Nilijua," Baba akasema. "Nilinusa waridi nikajua ni mama yangu. Nikakuachia wewe uubebe mzigo. Nisamehe, Mama Kadzo."

Mama akakanyaga. Nikaona goti lake likishuka polepole mpaka mwisho.

"Shikilia," Baba akasema.

"Nimeshikilia," Mama akamjibu. "Miaka yote hii nimeshikilia. Fungua."